"Mama, nipe vya elfu mbili": jibu kwa msomaji ambaye hadithi yake haimgusi mtu

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimeandika hadithi fupi ya maneno 1,900 kuhusu mama aliyelea watoto kwa kuuza vitumbua. Nimeituma kwenye mashindano mawili, haikupita hata mchujo wa kwanza. Jaji mmoja alinipa maoni ya mstari mmoja: Kiswahili kizuri, kisa kizuri, ila hadithi hainigusi. Nimeirudia mara nyingi, kosa silioni. Hadithi fupi inayomgusa msomaji inaandikwaje? Nimekuambatanishia uisome. (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma hadithi yako mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama msomaji yeyote, mara ya pili nikiwa na kalamu, na mara ya tatu nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, nikakipata ukurasa wa nne. Nitakueleza ni kitu gani. Kwanza niseme kwamba jaji wako hakukosea, ingawa hakukusaidia. Mgonjwa akienda hospitali akaambiwa "unaumwa", ameambiwa kweli, lakini anarudi nyumbani na maumivu yake yale yale.

Niieleze kidogo hadithi yenyewe, kwa ajili ya wengine watakaosoma hapa. Inaanza mwaka 1979, Mama Rehema anaolewa. Mume anafariki, ndugu wa mume wanachukua shamba, mama anahamia mjini na kuanza kuuza vitumbua karibu na kituo cha mabasi cha Msamvu. Watoto watatu wanasoma. Wa kwanza anaolewa mbali, wa pili anafariki, wa mwisho anapata cheo Dar es Salaam na kumsahau mama yake. Mama anaugua, anafariki mwaka 2020. Mtoto anakuja mazikoni, analia, na mstari wa mwisho unatuusia tusiwasahau wazazi wetu.

Sasa chukua kalamu tupige hesabu. Kutoka 1979 hadi 2020 ni miaka 41. Maneno 1,900 ukiyagawa kwa miaka 41 unapata maneno 46 kwa mwaka. Kifo cha mume umekipa sentensi moja. Kunyang'anywa shamba, jambo ambalo familia nyingine hulizungumza vizazi viwili, umelipa nusu sentensi. Mtoto wa pili amekufa ndani ya mabano! Nimehariri hadithi fupi kwa zaidi ya miaka ishirini, na hili ndilo tatizo ninalokutana nalo kuliko mengine yote: mtu ana riwaya kichwani, anaikunja na kuikandamiza mpaka iingie kwenye kurasa tano. Msomaji anapata habari zote, ila hapati nafasi ya kukaa na mtu yeyote. Ndiyo maana hakuguswa. Hakuna pahali ulipomwacha akae.

Ufupi wa hadithi fupi hautokani na idadi ya maneno peke yake. Mmarekani Edgar Allan Poe, aliyekuwa mwandishi wa hadithi na mhakiki pia, aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1842 alipokuwa akihakiki hadithi za mwenzake Nathaniel Hawthorne. Alisema hadithi ya namna hii isomwe kwa kikao kimoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, na mwandishi aamue tangu mwanzo ni athari gani moja anataka kuiacha moyoni mwa msomaji, kisha kila sentensi ifanye kazi ya kuelekea huko. Mengi aliyoyasema yamepitwa na wakati, lakini hili la athari moja bado nalishika. Wewe umemletea msomaji athari nane, moja ikiisukuma nyingine: ndoa, kifo, dhuluma, umaskini, elimu, kifo tena, kiburi, mazishi. Kabla hajalia kwa ajili ya mume, umeshamfikisha shambani. Kabla hajakasirika kwa ajili ya shamba, yupo Msamvu.

Turudi ukurasa wa nne. Umeandika hivi: "Siku moja mwanawe akapita Msamvu na gari la ofisi akiwa na wenzake, akanunua vitumbua kwa mama yake bila kuwaambia kuwa huyo ni mama yake, akaondoka." Na sentensi inayofuata: "Mwaka uliofuata mama akaanza kuugua kifua."

Nilipofika hapo niliweka karatasi chini. Mwanangu, hadithi yako ni hiyo. Ni ile sentensi moja. Nyingine zote ni udongo uliouchimba mpaka ukaifikia, na hakuna aibu katika kuchimba, kila mwandishi anachimba. Tatizo ni kwamba umeifikia dhahabu ukaipita kwa haraka ukielekea makaburini.

Angalia kilichomo humo. Katika lugha yetu mwanamke yeyote mtu mzima anayeuza kitu barabarani anaitwa mama. "Mama, bei gani?" "Mama, niongeze kimoja." Dereva wa lori humwita hivyo, na mwanafunzi, na mkuu wa wilaya. Kwa hiyo kijana huyu anaposema "Mama, nipe vya elfu mbili", amesema kweli tupu na amedanganya kwa neno hilo hilo. Wenzake ndani ya gari wamesikia adabu ya kawaida ya mteja. Yeye anajua. Mama naye anajua. Na msomaji wa Kiswahili, ambaye ameliita neno hilo mara elfu kwa watu asiowajua, anashtuka kuona jinsi lilivyo pana. Sijui lugha ngapi zinaweza kumpa mwandishi zawadi kama hiyo. Umepewa, na umeipa maneno ishirini na matano.

Hadithi fupi nyingi zinazokaa moyoni zina saa kama hiyo: muda mfupi ambao ukishapita, mambo hayawezi kurudi yalivyokuwa. Si lazima liwe tukio kubwa. Kifo ni kikubwa, lakini watu wa hadithi yako wangekufa hata bila hadithi. Pale dirishani mwa gari mtu angeweza kutenda vingine. Angeweza kushuka. Angeweza kusema, "Jamani, huyu ndiye mama yangu mzazi." Hakusema, na kuanzia hapo yeye ni mtu mwingine, na mama yake pia. Kwa hiyo chukua maneno yako yote 1,900 uyapeleke Msamvu. Dakika tatu, labda tano. Msomaji asimame pale jua likimchoma.

Utauliza, nitazijazaje kurasa tano kwa dakika tatu? Hapa lazima tuongee kuhusu nyakati za vitenzi, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu naamini ndipo waandishi wetu wengi wanapoanguka bila kujua.

Nimehesabu vitenzi vyenye -ka- kwenye ukurasa wako wa pili. Ni 34. "Akauza shuka, akanunua chuma cha vitumbua, akapanga chumba, akaanza biashara, akalipa ada, akafukuzwa, akapanga kwingine." Hiyo -ka- ni mali yetu ya kale. Bibi zetu waliitumia kutuvusha milima na misitu kwa pumzi moja: akaenda, akaenda, akaenda, mpaka sungura akafika mtoni. Ina mbio. Kila -ka- inamwambia msomaji, twende, hilo limekwisha, lipo jingine. Kwa ngano inayosimuliwa usiku, sauti ya msimuliaji ilikuwepo kupunguza mwendo: alinyamaza, alikohoa, alivuta "akaeeenda" mpaka watoto wakaogopa. Kwenye karatasi hakuna sauti hiyo. Ikibaki -ka- tupu, hadithi inakimbia kama basi lisilo na vituo.

Kiswahili kina breki nyingi. Jaribu -na- na -me-:

"Gari limesimama. Kioo cha nyuma kinashuka nusu. Mama Rehema anainuka na beseni, mkono mmoja umeshika pindo la kanga. 'Karibuni vitumbua, vya moto hivi.' Anayechungulia ni kijana asiyemjua, ana kitambulisho shingoni. Anauliza bei. 'Mia mbili mia mbili, baba.' Kijana anageuka ndani. 'Bosi, tuchukue?' Kiti cha mbele kuna mtu anayesoma simu. 'Mama,' anasema mtu huyo, 'nipe vya elfu mbili.' Hajamtazama."

Nimeiandika haraka, wewe utaiandika vizuri kuliko mimi, kwa sababu unamjua huyu mama. Lakini ona vinavyofanya kazi. "Gari limesimama": -me- imetupa picha iliyotulia, gari liko pale, hatuondoki. "Kinashuka": tunakitazama kikishuka. Halafu tazama neno la mwisho. Ningeandika "hakumtazama", ningekuwa nimefunga mlango. Hakumtazama, basi, yamekwisha. "Hajamtazama" inasema bado, pengine atamtazama. Silabi moja tu, -ja-, imewabeba msomaji na mama wote wawili wakingoja kichwa kigeuke. Unaweza kuendelea na kungoja huko kurasa mbili nzima: anahesabu vitumbua, hajamtazama, anafunga mfuko, hajamtazama. Siku utakapoandika "hakumtazama" kwa mara ya kwanza, msomaji atalisikia kama mlango uliogongwa kwa nguvu.

Kuna na hu-. Hiyo hubeba miaka. Umetumia ukurasa mzima kutueleza jinsi mama alivyoteseka na biashara mwaka baada ya mwaka. Sentensi moja ya hu- inatosha: "Huamka saa kumi alfajiri, kabla ya adhana, akakoroga unga wa mchele uliolala na hamira, na mtu akiumwa mtaani ni yeye hujua wa kwanza, kwa kuwa taa yake ndiyo huwaka wa kwanza." Miaka ishirini imepita humo na hatukutoka hata hatua moja pale barabarani.

Nisieleweke vibaya, -ka- usiitupe. Iweke pale mambo yanapokimbia kweli. Labda iwe mwishoni, gari linapoondoka: akapandisha kioo, gari likaingia barabarani, likapotea. Itakuwa na nguvu kwa sababu hukuitumia tangu mwanzo.

Sasa, ile miaka 41 inakwenda wapi? Haipotei. Wewe uliyeiandika unaijua, na hilo litaonekana katika kila kitu utakachogusa. Msomaji ataiona kupitia mikono. Nikupe mfano mmoja, uuchukue au uuache. Mwanawe ameagiza vitumbua vya elfu mbili, yaani kumi. Mama anaingiza mkono kwenye beseni. Muuzaji wa kawaida anachukua vya juu. Huyu anapita vya juu, anapita vya katikati, anachagua vilivyoungua kidogo pembeni, vile vinavyokauka na kulia mdomoni, kwa sababu mtoto huyu tangu ana miaka minne anapenda vya namna hiyo na alikuwa akigombana na dada yake kwa ajili yake. Hasemi kitu. Mikono imechagua yenyewe. Yule kijana mwenye kitambulisho anaweza hata kulalamika: "Mama, hivi mbona vimeungua? Tuchagulie vizuri." Na mtu wa kiti cha mbele anasema, "Acha, viko sawa."

Basi. Hapo umeleta utoto wote, dada, chumba kimoja cha kupanga, na upendo, na umemfanya kijana ajisaliti bila kusema kwamba yeye ni mtoto wa nani. Hukuandika neno mateso wala neno upendo. Ukiwa na kitu kimoja cha namna hiyo, kilichoshikwa vizuri na kutazamwa kwa karibu, huhitaji kurasa tatu za historia. Kovu la mafuta kwenye kiganja lingeweza kufanya kazi hiyo, au kile kijiti cha kugeuzia ambacho amekitumia mpaka kimekuwa kifupi kama kidole. Chagua kimoja, kisizidi viwili. Ukiviweka vyote, msomaji ataanza kuona mkono wako badala ya mkono wa mama.

Majina nitayagusa kwa ufupi. Kijana umemwita Majuto. Ni jina la watu, nalijua, lakini msomaji aliyepitia riwaya na tamthilia zetu shuleni, ambako jina la mhusika mara nyingi ni hukumu yake, atajua mwisho tangu aya ya kwanza. Mpe jina ambalo halimshitaki. Afadhali zaidi, usimpe jina mpaka mama alitaje kimoyomoyo.

Nani aisimulie? Rasimu yako ina msimuliaji anayejua yote, yuko kichwani mwa kila mtu, na anahukumu. Kwa dakika tatu za Msamvu ningekushauri ukae upande wa mama, usimtoke. Tusijue kijana anawaza nini. Tukiingia kichwani mwake utaanza kumtetea au kumlaani, nawe una hasira naye, inaonekana kila mstari. Tukimwona kutoka nje tu, kwa macho ya mtu anayempenda, tutamtafutia udhuru kama mama anavyomtafutia: labda ana haraka, labda wale ni wakubwa zake, labda atapiga simu jioni. Kumtafutia mtu udhuru kunauma kuliko kumlaani. Njia ya pili, ngumu zaidi, ni kumpa usimulizi yule kijana mwenye kitambulisho, asiyejua lolote, anayeona tu kwamba bosi amenyamaza mpaka Gairo, mbele huko kwenye njia ya Dodoma. Msomaji agundue peke yake. Nimeiona njia hiyo ikifaulu mara chache, na inapofaulu huwezi kuisahau hadithi hiyo, lakini kwa rasimu ya sasa baki na mama.

Mazungumzo yako ni mazuri, sikuyagusa, isipokuwa salamu. Umeziruka zote. Umeandika "wakasalimiana, kisha". Sisi tunaishi ndani ya salamu, mwanangu. Nani ameanza, ameanza na ipi, ameitikiwa au hakuitikiwa: kwa Mswahili hapo ugomvi mzima unasikika kabla mtu hajatamka shida yake. Yule kijana mgeni akimwambia Mama Rehema "shikamoo" na mwanawe wa kumzaa asimwambie, tayari una kisu mezani. Na mama aitikie vipi? "Marahaba, wanangu", kwa wingi? Jaribu. Silabi moja ya wingi inaweza kumfikia yule wa mbele bila yeyote mwingine ndani ya gari kujua.

Tuje kwenye mwisho, kwa sababu najua hapa tutabishana. Umemaliza na mazishi, halafu funzo. Uliniandikia kwenye barua kwamba hadithi isiyo na funzo ni porojo, na kwamba mababu zetu walitufundisha hivyo. Nakuheshimu kwa kuwajali mababu. Lakini kumbuka ngano ilivyokaa: paukwa, pakawa, watoto wamezunguka, na msimuliaji ni mtu wanayemjua, ana haki ya kuwausia kwa kuwa kesho asubuhi ataonana nao uani. Msomaji wako hakujui. Amekaa peke yake na karatasi, ana mama yake mwenyewe kijijini ambaye hajampigia simu wiki ya tatu. Ukimwacha Msamvu na kile kichwa ambacho hakikugeuka, atatoa simu mfukoni. Ukimwambia "tusiwasahau wazazi wetu", utakuwa umempa nafasi ya kukubali kwa kichwa na kufunga ukurasa. Funzo lako linaaminika zaidi linapotoka kinywani mwake.

Na tafadhali usilihamishie funzo kwenye kanga. Naona siku hizi waandishi wakishafundishwa kwamba wasiandike methali mwishoni, wanamvika mhusika kanga yenye methali hiyo hiyo.

Mwisho wa hadithi hii ulipo, kwa maoni yangu, ni kwenye chenji. Vitumbua ni vya elfu mbili, kijana ametoa noti ya elfu kumi. Mama anahesabu elfu nane, mikono ina mafuta, noti zinanatana. Na mtu wa kiti cha mbele anasema maneno ambayo mabosi wote husema barabarani wakitaka kuwa wema: "Hiyo nyingine kaa nayo, mama." Hapo moyo wangu unavunjika, maana mtoto huyu pengine anadhani amemsaidia mama yake. Pengine ndilo jambo pekee analoweza kulifanya mbele ya wenzake, na pengine analifanya kwa mapenzi. Mama afanye nini na hizo elfu nane? Anaweza kuzipitisha dirishani kwa nguvu, elfu nane kamili, kama kwa mteja yeyote. Anaweza kubaki nazo, azifunge kwenye pindo la kanga, mbali na hela za mauzo. Na jirani yake wa biashara, muuza mayai, akimuuliza "Wale uliwafahamu?", anaweza kujibu "Wateja" na kuketi. Ningekuwa mimi, ningesimama kwenye lile fundo la kanga, nisiandike jirani kabisa. Lakini hadithi ni yako. Andika miisho yote mitatu, kila mmoja siku yake, uone ni upi unaokunyima usingizi.

Kuhusu lugha: jaji amekusifu, nami nakusifu, ila kuna misemo ambayo ulipewa shuleni kwenye insha nawe bado hujairudisha. "Machozi yakamtiririka njia mbili mbili." "Kijasho chembamba kikamtoka." "Jua la utosi liliwaka." Ilikuwa mizuri siku ya kwanza ilipotamkwa. Leo jicho la msomaji linaiteleza, na jaji anayesoma hadithi mia mbili huiona hamsini kwa siku. Futa kila msemo ambao ungeweza kuutabiri kutoka neno lake la kwanza, kisha tazama pale Msamvu kuna nini hasa: moshi wa mabasi, wapiga debe, vumbi juu ya kitambaa kinachofunika beseni. "Sana" nayo ipunguze. Nimezikuta 27.

Ukimaliza, usisahihishe siku hiyo hiyo. Iweke wiki mbili. Halafu mtafute mtu anayefanya kazi ya mikono, anayechambua mchele au kumenya mihogo, umsomee kwa sauti huku anaendelea na kazi yake. Usimuulize maoni, watu wetu wana adabu, atakwambia nzuri. Tazama mikono. Mahali ambapo hadithi ipo, mikono itasimama. Mahali ambapo mikono inaongeza kasi, kata. Mimi nimefanya hivyo na wifi yangu kwa miaka, na sijapata mhariri mkali kuliko vidole vyake.

Neno la pembeni kuhusu urefu na pa kutuma. Kiswahili kinabana: "hawakumtambulisha" ni neno moja, lugha nyingine ingetumia manne. Kwa hiyo maneno 2,000 ya Kiswahili yana nafasi kubwa kuliko unavyodhani, usiogope kwamba hayatatosha. Ipo Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, inayopokea pia hadithi zilizoandikwa kwa Kiswahili, haitozi ada, na Mtanzania au Mkenya ana haki ya kushiriki. Hiyo inataka kati ya maneno 2,000 na 5,000, na hadithi iwe haijachapishwa kokote. Kwa 1,900 ungerudishwa kabla ya kusomwa. Soma masharti ya mwaka husika mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kutuma popote. Nimeona kazi nzuri zikianguka kwa sababu ya maneno mia.

Rasimu ya zamani usiichane. Ile ndoa ya 1979, lile shamba, yule mtoto aliyekufa ndani ya mabano: kila kimoja kina saa yake kikingoja, na wewe bado kijana.

Ukiandika upya nitumie, nitaisoma. Ila kabla hujaanza kuna jambo nimelitafuta katika rasimu yako yote na sikulipata, nami nalitaka nilijue kabla ya neno la kwanza, hata kama hutaliandika kamwe. Vile vitumbua kumi, vile vya kuungua pembeni. Gari lilipofika Gairo, nani alikuwa amevila?